Nyumba Iliyoandikwa Karatina

Bibi yule aliingia bila kubisha hodi, akaweka kigoda chake katikati ya ofisi, akakikalia, ndipo akauliza nyumba yake iko wapi.

Mbula aliinua uso kutoka kwenye taipureta. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu nyuma ya ukumbi wa kanisa mjini Nyeri, na mvua ya Aprili ilikuwa ikiponda mabati hata mtu asisikie vizuri. Bibi alikuwa amelowa chepechepe. Mgongoni alibeba mzigo kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, kama wanawake wa rika lake walivyobeba kuni. Aliutua: blanketi, sufuria mbili, panga.

"Karibu, cucu," alisema Mbula. Alikuwa Mkamba wa Machakos, na Kikuyu chake hakikuzidi maneno ishirini, lakini hilo la kumwita bibi alilijua. "Nyumba gani?"

"Ati nyumba gani!" Bibi alicheka, akaonyesha meno matatu. "Si wewe uliandika mimi? Pale Karatina, siku ya soko. Ulikuwa na kofia ya manjano kama ya mtoto wa shule. Mimi ni Watiri. Nimetoka Mukurweini na miguu tangu jana. Nionyeshe, niwashe moto, niko na baridi."

Mbula alimkumbuka. Mwezi wa Februari, mwaka huo wa 1977, alikuwa ameweka meza kando ya wauza viazi na kuandikisha wazee wasio na mtu. Chuo kikuu alifundishwa kwamba huwezi kupanga makao bila kujua ni ya nani. Kwa hiyo aliuliza maswali kumi na manne: una miaka mingapi, nani anakupikia, unalala wapi, unaweza kujiogesha. Wazee mia mbili na watatu walijibu. Kutokana na majibu hayo alichora ramani iliyokuwa imebandikwa ukutani: vyumba kumi na viwili, baraza ya kuotea jua, jiko la pamoja, chumba cha muuguzi. Kamati ya Makao ya Wazee, iliyomwajiri, iliipigia makofi. Mwenyekiti wake, Simeon Mutahi, mfanyabiashara wa mbao, alisimama kanisani akaahidi kiwanja.

Ila kulikuwa na jambo ambalo chuo hakikumfundisha. Katika nchi ile watu hawakuandikwa majina bure. Siku za hali ya hatari, wakati wa kupigania uhuru, waliandikwa wakapangiwa vijiji. Wazungu walipoondoka, waliandikwa wakapewa mashamba, na ambaye jina lake halikuwamo alibaki akitazama. Kwa wazee kama Watiri, mtu akishaandikwa amekwisha kupewa. Kilichobaki ni kwenda kuchukua.

"Cucu, nyumba haijajengwa," alisema Mbula. "Tulikuwa tunahesabu tu. Rudi nyumbani kwanza, nitakutumia habari."

"Nyumbani ni wapi?"

"Kule Mukurweini. Ulisema una kijumba kwa marehemu kaka yako."

"Ile Wamahiu, mtoto wa kaka, alibomoa." Watiri alisema bila chuki. "Mimi mwenyewe nilimwambia. Nilisema, nimepewa nyumba Nyeri, hii mahali chukua, panda kahawa. Alifurahi! Wamahiu hajawahi kunipa hata yai, lakini siku hiyo alinichinjia kuku. Mimi peke yangu, mapaja yote mawili."

Mbula alisimama, akauinua ule mzigo.

Usiku ule bibi alilala kitandani kwa Mbula, na Mbula akalala sakafuni. Asubuhi alifunga safari kwenda Mukurweini. Alimkuta Wamahiu akichimba mashimo ya miche, safu zimenyooka kama zilizopigwa kamba. Katikati ya shimo moja udongo ulikuwa mweusi. Mbula aliutazama mpaka akaelewa kuwa ni majivu: pale ndipo yalipokuwa mafiga ya Watiri.

"Dada, mimi si mwizi," alisema Wamahiu kabla hajaulizwa. "Alinipa mbele ya mashahidi."

"Najua. Naomba umjengee kibanda tu, mpaka makao yawe tayari."

"Wapi? Juu ya kahawa?" Alifuta jasho. Mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa imepanda hata watu walikuwa wakipanda miche mpaka kwenye vizingiti. "Miaka kumi nimemweka na sikumfukuza. Sikumwandika mimi. Ulimwandika wewe."

Mbula aliaga. Alirudi mjini, na njia nzima neno hilo likawa linamtafuna.

Siku ya nne Kagure, mwenye nyumba yake, alimsubiri mlangoni na mikono kiunoni.

"Mgeni wako anaondoka lini?"

"Hana pa kwenda, mama. Hakusumbui."

"Hata! Ni mtu mzuri, amenifagilia uwanja bila kuombwa. Lakini umemsikia anavyokohoa? Akifia humu, nani atapanga hicho chumba tena? Mimi nimeokoka, sina neno. Lakini wapangaji wangu ni watu wa hapa."

Mbula alijua Kagure alikuwa akisema nini. Zamani, kwa Wakikuyu, mtu akifia ndani ya nyumba, nyumba hiyo ilihamwa au kuchomwa. Kwa hiyo mgonjwa aliyekatiwa tamaa alitolewa nje angali anapumua, aiache nyumba safi kwa walio hai. Mbula alisoma habari hizo chuoni akalia kwa hasira, na katika ukurasa wa kwanza wa mpango wake aliandika kwamba hakuna mzee wa Nyeri atakayefia nje tena. Sasa alizunguka kwenye ploti nne za kupangisha akitafuta chumba, na kote aliulizwa swali lile lile: anaumwa?

Aliyempokea Watiri ni Mwanasiti wa mtaa wa Majengo, mjane Mwislamu aliyeuza mahamri mlangoni kwake. Baba yake alifika Nyeri na misafara ya Wazungu akaoa hapo hapo.

"Kwani kuna nyumba isiyofiwa?" alisema Mwanasiti, akigeuza mahamri kwenye mafuta. "Humu amefia baba, amefia mume, wamefia wanangu wawili, na wali unaiva vile vile. Mlete huyo bibi. Ila nguruwe asiniletee."

"Mimi nitoe nguruwe wapi?" alijibu Watiri. "Hata kuku nimekula ya mwisho."

Wakacheka wote wawili, na kwa muda wa wiki chache Mbula aliamini kuwa mambo yangetengenea.

Mwezi wa Juni kamati ilikutana. Simeon Mutahi alikuja amechelewa, viatu vina matope ya shambani, na hakuketi.

"Kile kiwanja najenga stoo ya kahawa," alisema.

"Mzee Mutahi, uliahidi mbele ya kanisa zima."

"Niliahidi wakati kahawa ilikuwa kahawa tu." Wengine walicheka kidogo, kisha wakatazama meza. "Usinichukie, binti yangu. Ningekupa pahali pengine. Lakini niliuliza wazee wenyewe, wale wa rika la mama yangu. Nikawaambia, mtapewa chumba, kitanda na mtu wa kuwapikia. Wakaniuliza jambo moja: wa kwanza akifa, sisi wengine tutahamia wapi? Hiyo nyumba yako ya vyumba kumi na viwili chini ya paa moja, mtu angekufa Jumatatu, Jumanne wote wangekuwa barabarani."

Mbula alihesabu kichwani. Maswali kumi na manne, wazee mia mbili na watatu, na hilo hakuliuliza hata mara moja. Hakuliuliza kwa sababu aliliona ni ushenzi wa kale, kitu cha kufutwa kwa tofali na simenti. Kumbe wangemwambia. Wangemwambia: tujengee vijumba vidogo vidogo, kila mtu na mlango wake.

"Basi tujenge vijumba," alisema Mbula.

"Kwa kiwanja gani?" aliuliza Mutahi kwa upole.

Kamati haikukutana tena. Mbula aliwaandikia barua machifu wa kila tarafa, wawaambie wazee walioandikwa kwamba hakuna nyumba, wasitoe walichonacho. Chifu mmoja tu alijibu, wa upande wa Naro Moru. Alisema mzee wa kwake alikuwa ameuza kondoo zake zote na alikuwa akikaa kando ya barabara tangu Pasaka, akisubiri lori la kumchukua. Je, amwambie nini?

Baada ya barua hiyo Mbula hakuweza kuitazama ramani iliyokuwa ukutani. Aliitoa akaikunja, ofisi ikafungwa, naye akaanza kutafuta kazi.

Watiri alipoambiwa ukweli alivuta blanketi lake mabegani. Kisha akauliza kama mwenzake wa Naro Moru ana blanketi.

Julai ilikuja na ukungu wake na baridi ya kupenya mifupa. Kifua cha Watiri kilikaza. Daktari alimpa vidonge na kusema moyo umechoka, nyumbani au hospitalini ni mamoja. Watiri akarudi kwenye kitanda cha Majengo, na alasiri moja Mwanasiti alipokwenda sokoni, bibi alimshika Mbula mkono.

"Huyu mama si wa kwetu," alisema. "Hajui. Lakini mimi najua. Nimekula uji yake miezi mitatu, siwezi kumwachia nyumba mbaya. Siku yangu ikifika, unitoe nje. Usingoje nimalize."

"Cucu, kuna baridi huko nje. Na Mwanasiti mwenyewe hajali."

"Yeye hajali. Mimi najali. Sema utanitoa."

"Nitakutoa," alisema Mbula, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa lolote ili alale.

Wiki hiyo hiyo ilifika barua ya Machakos. Walihitaji ofisa wa ustawi wa jamii, na aje kwa mahojiano Jumanne saa tatu asubuhi. Atakayekosa asijisumbue kuandika tena. Ilikuwa barua ya kumi na saba na ndiyo ya kwanza kumwita. Mama yake alikuwa huko. Nyeri hakubakiwa na mshahara, na kodi ya Kagure ilikuwa ya kuomba subira.

Ikabidi alale Nairobi Jumatatu, na basi lilikuwa likiondoka saa nne. Asubuhi hiyo alivaa koti lake zuri, akachukua mkoba, akapitia Majengo kuaga. Alisikia pumzi ya Watiri kutoka mlangoni. Ilikuja, ikakatika, ikangoja, ikaja tena.

Mwanasiti alikuwa ameketi kando ya kitanda akimlowesha midomo kwa kitambaa.

"Tangu alfajiri," alisema. "Nenda, mwanangu, basi litakuacha. Nitakaa naye, nimeshakaa na wengi."

"Aliniomba nimtoe nje."

"Na mimi aliniambia. Achana na hayo. Hajui tena yuko wapi. Mwache afe kitandani, kwenye joto, kama binadamu."

Maneno hayo Mbula angeweza kuyaandika mwenyewe. Kwa kweli alikuwa ameyaandika, akayapiga taipu nakala sita. Alimtazama Watiri. Macho ya bibi yalikuwa nusu wazi, hayamtazami mtu. Hakuna ambaye angejua. Kama angeondoka sasa hivi, angelikuta basi.

Aliweka mkoba chini.

"Shika miguu, Bi Mwanasiti."

"Wewe mtoto! Watu watasema nini?"

"Shika tu."

Mwanasiti alinung'unika, akamwomba Mungu msamaha mara tatu, lakini alitangulia kutoa godoro lake mwenyewe uani, kisha akaja akashika miguu. Watiri alikuwa mwepesi mno. Mbula alihisi kama amebeba nguo. Walimlaza uani, mbele ya mlango, kwenye ukungu. Mbula alivua koti lake akamfunika juu ya blanketi mbili, akaketi kwenye udongo wenye umande na kumpakata kichwa.

"Tuko nje, cucu," alimwambia sikioni. "Nimekutoa."

Hakujua kama alisikia. Pumzi ikaja, ikangoja.

Honi ya basi ililia stendi, mara mbili, halafu injini ikanguruma ikipanda mlima na kupotea. Mwanasiti alileta jiko la makaa akaliweka karibu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiteka maji alisimama kwenye lango la uani, kisha wa pili, kisha mwanamume mwenye baiskeli.

"Nyinyi!" aliita yule mwenye baiskeli. "Mnamtupa ajuza wa watu kwenye baridi hivi akiwa hai? Huyo msichana ni nani? Hana utu?"

Mwanasiti alitaka kujibu. Mbula akatikisa kichwa. Alivuta blanketi mpaka kidevuni mwa Watiri, akaendelea kukaa.