Bega la Mwanasesere

Nianze na karatasi ya mume wangu, maana ndiyo iliyonichemsha damu tangu asubuhi.

Tulikuwa na siku tatu za kutembea mjini, mimi, yeye na binti yetu wa miaka tisa, na kila saa ya siku hizo tatu alikuwa ameiandika kwenye karatasi. Saa mbili chai. Saa tatu kasorobo tuwe njiani. Saa tatu kamili warsha ya watoto ya ufinyanzi, jumba la makumbusho, ghorofa ya pili. Mume wangu ni mtunza stoo. Kwake yeye jambo likishaandikwa limeshatendeka. Basi tumepanda ngazi, tunahema, tumefika, na msichana wa mapokezi anaangalia daftari lake anasema, "Ufinyanzi ulikuwa jana, baba."

"Jana?"

"Jana."

Nikamtazama mume wangu. Akaigeuza karatasi, akaangalia upande wa nyuma kana kwamba hiyo jana imejificha huko.

"Leo kuna nini?" nikauliza mimi.

"Leo kuna wanasesere wa kuvaa mkononi. Watoto wanawashona wenyewe, halafu mwishoni wanawaonyesha wazazi. Imebaki nafasi moja tu."

Aliposema wanashona, masikio yakanisimama. Mimi ni fundi cherehani. Mwaka wa ishirini na mbili huu nashona sare za shule, na mama yangu alishona kabla yangu. Sina shamba wala nyumba ya kumwachia mtoto. Nina mkono huu tu. Na mtoto mwenyewe, Nukta tunamwita kwa udogo aliozaliwa nao, sindano hataki hata kuisogelea. Alipokuwa na miaka sita aliniletea kigauni alichomshonea mdoli wake. Nikakifumua, nikamwambia arudie. Akarudia, nikafumua. Mara nne, jamani, mpaka kitambaa kikachanika. Mimi nilifundishwa hivyo hivyo, samaki mkunje angali mbichi. Nukta akaiweka sindano mezani, akasema, "Mimi sishoni tena." Nikadhani ni hasira za kitoto, zitapita. Sasa ni mwaka wa tatu, na jambo hilo linanikaa kooni kuliko mume wangu anavyojua.

Kwa hiyo nilitegemea Nukta agome. Badala yake akamuuliza yule msichana, "Wazazi wanaingia?"

"Hapana, wanasubiri nje mpaka mwisho."

"Basi nitaingia."

Haya. Mwanangu wa kumzaa mwenyewe.

Chumba cha warsha kilikuwa na ukuta wa kioo, na mbele ya kioo walikuwa wametuwekea viti vya plastiki vya watoto, ukikaa magoti yanakugusa kidevu. Wazazi wengine wakatoa simu. Mimi nikatoa macho. Mwalimu alikuwa kijana mchangamfu, shati lake halina kifungo cha pili. Anafundisha watu kushona na kifungo chake kimemshinda! Nikamwonyesha mume wangu.

"Labda kimekatika leo," akasema.

"Hicho kimekatika zamani. Hata uzi haupo."

"Mama Nukta, tumekuja kupumzika."

Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamsikia mwalimu akiwaambia watoto, "Hapa hakuna kukosea. Fanyeni mnavyoona." Ebo! Hakuna kukosea? Nenda kamwambie hivyo mzazi aliyeuziwa suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine.

Lakini Nukta alishika sindano. Nasema nilichokiona kwa macho yangu. Akatunga uzi mara ya kwanza tu, ukapita, akainama, akaanza. Nilitaka kusimama niwaambie wale wenye simu kwamba yule pale wa kona ni wangu. Furaha yenyewe haikumaliza dakika tano. Sindano ameishika chini mno, mshono wa kwanza mrefu, wa pili mfupi, wa tatu umekwenda zake pembeni. Nikagonga kioo, nikamwonyesha kwa vidole: karibu karibu! Hakuinua kichwa. Nikagonga tena. Mwalimu akaja, akanitabasamia kwa adabu zote, akashusha pazia mpaka chini ya macho yangu.

Alaa! Mimi nashushiwa pazia! Nikabaki kuona miguu ya meza na viatu vya watoto.

"Mvumilivu hula mbivu," mume wangu akasema.

"Na wewe kula karatasi yako," nikamjibu.

Saa nne na nusu watoto wakateremshwa uani kunywa juisi. Mume wangu akawafuata akapige picha. Mwalimu naye akatoka, mlango akauacha wazi. Nikajiambia nachungulia tu.

Wanasesere walikuwa wamelazwa mezani, kila mmoja na kikaratasi cha jina. Wa Nukta alikuwa wa kitambaa cha buluu, macho yake vifungo viwili vyeusi, na kusema kweli vifungo vilikaa vizuri. Lakini bega! Bega la kushoto lilikuwa limevutwa chini, shingo imepinda mbele, na hapo hapo palipopinda ndipo alipopashona mara mbili, uzi juu ya uzi. Maskini, nikasema moyoni, amekosea, akajaribu kurekebisha, akaharibu zaidi. Na baada ya saa moja atasimama mbele ya watu na kitu kama hiki. Watamcheka. Wakimcheka, sindano ndiyo basi tena, maisha yake yote.

Ni fundi gani anayeweza kuuacha mshono kama ule? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkasi mdogo, sindano na uzi huwa ninavyo kwenye pochi siku zote. Nikalifumua bega, nikainyoosha shingo, nikashona kwa mkono mishono midogo midogo isiyoonekana, nikakaza, nikakata uzi kwa meno. Dakika saba. Bega likasimama sawasawa na mwenzake. Nikamlaza mwanasesere alipokuwa, na kikaratasi chake juu ya kifua, nikarudi kitini. Roho ilinitulia kwa mara ya kwanza tangu tupande zile ngazi.

"Unatabasamu nini?" mume wangu akaniuliza aliporudi.

"Kwani ni kosa?"

Watoto wakaingia. Nikainama chini ya pazia kama mwizi. Nikamwona Nukta anamvaa mwanasesere wake, kisha anatulia. Akamvua, akamgeuza, akapitisha kidole begani polepole. Mishono yangu anaijua kama anavyoijua sauti yangu. Ameivaa tangu kuzaliwa. Akapiga magoti pale sakafuni, akanitazama kupitia ule uwazi wa chini ya pazia. Hakulia. Afadhali angelia. Alinitazama tu, halafu akainuka, na mimi nikaona viatu vyake vikirudi mezani.

Saa tano na nusu tukafunguliwa mlango. Wazazi tukasimama nyuma, watoto wakapita mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na simba mwenye sikio moja. Mwingine daktari ambaye kichwa kilikuwa kikining'inia. Msichana mmoja alitoa kitu chenye miguu mitatu akasema ni jirani yao, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na yeye mwenyewe akacheka. Walikuwa wamepinda wote. Hakuna aliyechekwa kwa kupinda. Hapo nilianza kuhisi vibaya, ila bado nilijitetea moyoni kwamba wangu angalau atapendeza.

Nukta akaja mbele. Mwanasesere hakumvaa, alimshika mkononi kama unavyoshika soksi.

"Na huyu ni nani?" mwalimu akauliza.

"Alikuwa mama."

"Alikuwa? Sasa je?"

"Alikuwa mama akiwa kwenye cherehani. Mama akishona anakaa hivi." Akalishusha bega lake la kushoto, akaipeleka shingo mbele, akakunja uso, na mguu wake ukawa unakanyaga chini kwa mwendo ule ule wa mashine yangu. Watu wakacheka. Mume wangu alicheka kabla ya wote, akasema, "Ndiye! Ndiye huyo huyo!" Kisha akaniona, akajifanya anakohoa.

"Bega nililishona mara mbili ili lisinyooke," Nukta akaendelea. "Lakini mama amelifumua. Kwa hiyo sasa ni mtu tu."

Akarudi kukaa. Mwalimu akapiga makofi peke yake.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na mkono begani. Nilijipapasa. Lilikuwa chini. Sijui limeshuka lini, hakuna aliyewahi kuniambia, na mtoto niliyedhani hataki hata kukiangalia chumba changu cha kushonea alikuwa ameniangalia miaka yote hiyo kuliko mteja yeyote, kuliko huyu mume mwenye karatasi. Aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona tena.

Watu walipoanza kutoka nikamfuata mezani kwake.

"Nisamehe, Nukta. Nilidhani umekosea."

"Mwalimu alisema hakuna kukosea."

"Nimesikia. Lete nimrudishe alivyokuwa."

Akanipa. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini uzi si maji, nikajiambia, kilichofumuliwa hushonwa. Nikakaa kwenye kile kiti kidogo, nikafumua, nikavuta bega chini, nikashona. Nilipoachia, bega likapanda, limenyooka. Nikafumua tena. Nikajitahidi mshono mmoja niufanye mrefu, mmoja mfupi, kama vile alivyofanya yeye. Wallahi mkono ulikataa. Miaka ishirini na mbili umefundishwa kwenda sawa, ukawa unakwenda sawa wenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Mara ya tatu hasira zilikuwa zimenipanda, na si kwa mtu mwingine yeyote ila mimi mwenyewe.

"Bado limenyooka," Nukta akasema.

"Naona!"

Mwalimu akaja kutuambia kwa upole kwamba chumba kinafungwa saa sita. Mume wangu akatoa karatasi, akafungua mdomo. "Saa sita kasoro kumi tunatakiwa tuwe..."

"Baba Nukta, thubutu," nikamwambia. Akaikunja.

Nikamshika tena yule mwanasesere, nikaingiza sindano, nikaitoa. Jasho linanitoka. Fundi mzima, watu wanasafiri kuja kushonesha kwangu, bega moja la kitambaa limenishinda.

"Lete, mama," Nukta akasema. "Wewe huwezi."

Akamchukua mwanasesere mapajani mwangu, akaichukua na sindano vidoleni mwangu. Sindano yangu mwenyewe, ya kwenye pochi yangu. Akakata uzi wangu, akatunga wa kwake. Kisha akanisubiri, mkono hewani.

"Nini?"

"Geuka. Usiangalie."

Nikageuka. Nikaukazia macho ukuta, mikono nimeikalia. Nyuma yangu nikasikia uzi ukivutwa, ukivutwa, hauishi. Mrefu mno ule, utajifunga, ataanza upya. Nikaubana mdomo.