Mgeni Asiyepewa Jembe

Usiku wa jana nilimwota dada yangu Tunu, aliyefariki kabla ya mfungo kwa saratani ya titi la kushoto. Nipo kibandani nashona gauni lake, na sumaku ninayookotea pini sakafuni inaniambia nivae viatu, tunakwenda kwake.

Naiuliza kwake wapi.

"Ndani," inasema. "Ila tupitie mashineni kwanza."

Mashineni wananisagia chuma mpaka kinakuwa laini kuliko sembe. Natoka mlangoni na kifuko changu, naingia kifuani mwa Tunu. Ni sebule yake ileile, na feni mbovu. Walinzi wa mwili, wale wanaotakiwa kupigana na maradhi, wamekaa mkekani wanakunywa chai. Katikati yao uvimbe umeegemea mto, unakula maandazi.

Nawauliza kwa nini hawaufukuzi. Mkubwa wao anasema ulipiga hodi vizuri, ukataja ukoo wetu mpaka babu wa babu, nao wakaukaribisha.

"Na siku ya tatu?"

"Tuliona haya kumpa jembe, kaka. Kwa sura ni mtu wa nyumbani."

Uvimbe unaniamkia, shikamoo. Nami, malezi ni malezi, naitikia marahaba. Najichukia hapohapo.

Sumaku inaniagiza niwapake walinzi ule unga. Nawapaka nyuso na mikono, nao wametulia kama watoto wanaopakwa mafuta. Kisha naishikilia sumaku juu ya uvimbe. Walinzi wanavutwa wote kwa pamoja, chai inamwagika, wanamvaa mgeni wao. Haya zimewatoka. Mgeni anapungua, anapungua, mpaka linabaki andazi alilokuwa ameliuma.

Tunu anatokea jikoni, anafuta mikono kwa kanga.

"Kumbe sumaku ulikuwa nayo siku zote?"

"Ilikuwa ya pini, dada."

"Basi umechelewa, mdogo wangu." Anasema bila kinyongo, ananimiminia chai. Afadhali angenigombeza.

Nimeamka nalia, nikaenda kibandani. Gauni la Tunu bado limetundikwa pale ukutani, halijapindwa. Sumaku niliiacha chini jana, karibu na cherehani. Nimeikuta imeng'ang'ania gauni, kifuani, upande wa kushoto, na pembeni yake kitambaa kimeingia unga mweusi, laini kuliko sembe.

Nimeivuta. Imekataa kutoka.