Saini ya Tatu

Siku ya mwisho ya jaji mzee kazini ilikuwa Ijumaa, na leo ilikuwa Alhamisi. Rufaa ya fundi seremala, aliyekaa gerezani miaka tisa kwa kosa la kuua, ilikuwa haijaamuliwa. Majaji watatu waliisikiliza. Jaji mzee aliandika hukumu ya kumwachia, jaji mama akasaini siku hiyohiyo. Wa tatu, ambaye wenzake walimwita Bwana Bado, aliikalia miezi mitano kama kuku anayeatamia jiwe. Isiposomwa kabla jaji mzee hajavua joho, rufaa ingesikilizwa upya na jopo jingine, na fundi angerudi mwisho wa foleni.

Jaji mzee alianza na ukarani, akibeba majalada kichwani. Miaka arobaini na moja akipanda ngazi, na leo anabisha hodi kwa mwenzake kama mwombaji.

"Umefikia wapi?"

"Bado naitafakari, kaka. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo. Ila tumbo linaloumia si lako, ni la yule aliyeko ndani."

Bwana Bado akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sikubaliani na wewe. Lakini nikipinga peke yangu nitaonekana mkorofi."

Miezi mitano kwa hilo tu! Jaji mzee nusura apige meza.

"Nipinge, bwana! Wawili tunatosha. Andika hata mistari mitatu. Mimi sitoki hapa."

Akavuta kiti, akakaa. Chai ikaletwa, ikapoa. Saa kumi jioni karatasi ikatoka, mistari mitatu kweli. Wa mwisho ulisema: "Mwenzangu amesukumwa na kalenda kuliko ushahidi."

Jaji mzee akausoma mara mbili. Tangu awe jaji, hakuna aliyewahi kumwandikia hivyo, na maneno hayo yangebaki kwenye vitabu vya sheria yeye akiwa kaburini. Angeweza kuirudisha irekebishwe. Bwana Bado angefurahi mno; angeitafakari wiki nyingine.

Akaichukua bila kuaga, akampelekea karani. Karani akasoma, akakohoa.

"Mzee, na huu mstari wa mwisho tuuchape?"

"Uchape kama ulivyo. Tunasoma kesho saa tatu. Pigia simu gereza wamlete fundi, na waje na nguo zake za nyumbani."