Ritaima ya Koridoni

Mama mkwe wangu alianguka bafuni kwake Bokoli, na kufika mchana maneno yake yalikuwa yameanza kukwama mdomoni. Akaletwa katika hospitali yetu hapa Kanduyi, ambako mimi ndiye fundi wa mtandao, akapigwa skani ya kichwa. Picha husomwa na Daktari Mwihaki, aliye Kitale. Siku hiyo zilikataa kwenda.

Nilikasirikia kila kitu chenye waya. Skani yetu mpya hutuma data kwa kasi ya giga ishirini na tano, swichi yangu ya mtandao vilevile, na bado hazikuonana. Nikampigia Gathii, aliyetufungia mitambo.

"Stima ilipotea leo?" akauliza.

"Asubuhi."

"Basi ni ritaima. Ikizimika inarudi giga kumi, ile ya skani ya zamani. Irudishe ishirini na tano, bana."

Ritaima ni kisanduku kinachokaa katikati ya waya mrefu. Hupokea ishara iliyochoka njiani, huisoma, kisha huituma upya ikiwa safi. Ni kama mkalimani kanisani: akijiandaa kwa mhubiri wa polepole halafu aje wa mbio, waumini hawaambulii kitu. Yetu inaweza kasi zote mbili, lakini lazima uichagulie kwa kitufe.

Kitufe kiko koridoni, na chini yake ndipo palipowekwa machela ya mama mkwe.

Kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Tangu nimwoe Nelima, nikimwona mama yake njiani nakata kona. Sasa shingo yake ilikuwa imefungwa na nesi hakutaka asogezwe. Kumtuma mtu? Vitufe vya hospitali nzima viko hapo, na ukikosea unazima chumba cha upasuaji.

Nikasimama mlangoni kama mwizi. Nelima akamwinamia mama yake.

"Mama, Walubengo anataka kupita."

Mkono wa mama mkwe ukapanda taratibu, ukavuta leso hadi machoni.

"Apite," akasema kwa shida. "Mimi sioni mtu."

Nikapita ubavuubavu, mgongo kwake, koti langu likisugua machela. Nikabonyeza. Taa ikawaka kijani.

Haukupita muda, Daktari Mwihaki akapiga simu: damu ilikuwa inakusanyika chini ya fuvu, itolewe mara moja. Ikatolewa. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru daktari na Gathii, hata kile kisanduku nilichokuwa nimekitukana.

Siku ya kuruhusiwa nilijibanza nyuma ya ukuta wa dobi. Mama mkwe akasimama na Nelima upande wa pili, akapaza sauti kuliko ilivyohitajika.

"Mwambie bwana yako asante. Hiyo siku nilikuwa naogopa kufa. Nikasikia koti yake kwa machela, nikajua mtoto wangu amekuja."

Nikalia pale pale, wafuaji wakinitazama.