Kama Si Malaria

Kipimo kilitoa mstari mmoja. Nilikitazama tena, si kwa shaka, ila kwa uchovu. Kilikuwa cha tisa tangu asubuhi, na kijiji kizima cha Kiegei kilikuwa mashambani kikiokota korosho kwenye jua la Novemba.

"Huna malaria," nilimwambia Saada. "Ni jua."

Alikuwa amelala barazani, midomo imekauka. Alianguka shambani, akatapika, wakaniita mimi, mhudumu wa afya wa kitongoji, ninayepeleka idadi ya wagonjwa zahanati kila Ijumaa.

Mama mkwe wake, Bi Kulthumu, alisema kama si malaria basi ni uvivu, ainuke. Mvua ikizikuta korosho chini zitaharibika. Yeye enzi zake aliokota na mimba ya miezi minane. Alipoingia ndani, Saada alinishika mkono.

"Kaka Rahimu, andika malaria. Mwenye malaria huachwa alale. Hilo jua nani atalielewa?"

Nilikataa. Miaka minne daftari langu halijasema uongo, na sioni haya kujisifu. Dawa zinaagizwa kwa idadi ninazopeleka. Nikianza kubuni wagonjwa, dawa zitaishia kwa wasio na malaria, na siku moja mgonjwa wa kweli atakuta kabati tupu. Saada hakulia. Alianza kuzitafuta kandambili zake kwa miguu, arudi shambani.

Hasira ilinipanda. Siku nyingine ningepiga kelele mpaka majirani waje, lakini nilikuwa nimechoka hata kwa hilo. Nikafungua kitabu cha rufaa, nikaandika: ameugua kwa joto la jua. Akae kivulini siku tatu, anywe maji kwa wingi, akizidiwa apelekwe zahanati. Nikaichana karatasi, nikampelekea Bi Kulthumu.

Hakujua kusoma. Aliigeuza, akatafuta muhuri, akauona.

"Kumbe jua nalo lina karatasi?"

"Jua linaua, Bibi. Akifa, mimi ndiye nitakayeandika na hilo."

Aliikunja karatasi, akaifunga kwenye ncha ya khanga, akamwambia Saada arudi kulala. Nikadhani nimeshinda. Nilikuwa sijafunga hata begi langu. Bi Kulthumu, na miaka yake sabini, alikuwa amejitwika kapu, anashuka shambani, saa saba mchana.

Nilimwita, nikamwambia hilo jua ni lile lile.

"Korosho hazijui kusoma, Rahimu," alisema bila kugeuka.

Nilikuwa bado na nyumba kumi na moja za kupitia. Nikaomba dumu la maji kwa Saada, nikamfuata bibi shambani.