Mafuta ya Chini ya Karai

Jirani yetu wa mlango wa pili, tunayemwita Mama Redio kwa sababu hazimwi, anasema aliniona kwa macho yake mawili nikimmwagia wifi yangu karai la mafuta ya moto. Anasema nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikacheka kidogo, halafu nikalipiga jiko teke. Wifi akalia, "Umeniua, Bubu!" na mimi nikaendelea kumenya viazi kama hakuna kilichotokea. Kila akisimulia anaongeza chumvi. Mwanzoni nilikuwa na teke tu, sasa nasikia na mwiko nilikuwa nao mkononi.

Jambo moja tu ni la kweli hapo. Nilimalizia kumenya kiazi nilichokuwa nimeshika, kwa sababu mikono huwa inachelewa kupata habari. Mengine yote ni redio. Siku ile Mama Redio alikuwa nyuma ya mashuka aliyoanika, na mashuka yake hayaonyeshi mtu wa upande wa pili. Tena ningetaka kumuunguza wifi, nisingekaa muda wote ule namenya viazi vyake. Sababu nilikuwa nayo tangu mama yangu yuko hai.

Ngoja nianzie kwa mama, maana watu wanaijua habari hii kuanzia kwenye karai.

Mama aliota jipu mgongoni. Alisema la kawaida, litapasuka lenyewe. Alikuwa mtu asiyependa kusumbua watu. Tulipomfikisha hospitali alikuwa anatetemeka huku mwili unawaka, na anamwita kaka yangu kwa jina la marehemu baba. Daktari akasema maambukizi yameingia kwenye damu, mwili mzima uko vitani. Wakamlaza wodi ya wagonjwa mahututi, wakampitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni, kwa sababu hakuweza kumeza.

Chakula cha kupita kwenye ule mpira tulitakiwa tukilete sisi, kimesagwa mpaka kimekuwa kama uji mwepesi. Mama wa lishe, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alitukalisha mimi na wifi kwenye benchi la korido.

"Mwili ukiingiliwa na vijidudu unawasha moto," alisema. "Huo moto kazi yake ni kuwachoma. Shida ni pale unapozidi, unamchoma na mwenye mwili. Mapafu, figo, vyote. Sasa mafuta tunayokula na yenyewe yanaingia kwenye huo ugomvi. Kuna yanayochochea, kuna yanayosaidia utulie. Ya samaki wenye mafuta yanasaidia utulie. Kwa hiyo leteni samaki, mchemsheni, msageni na mafuta yake yote, msiyaengue. Lakini haya ya kukaangia, tena yaliyorudiwarudiwa, msimletee hata tone."

"Kwa hiyo samaki ndiye atamponya?" wifi akauliza.

"Sijasema hivyo, dada. Kinachoua vijidudu ni dawa ya mshipani. Na hata hili la samaki wataalamu bado wanavutana, wengine wanasema linasaidia, wengine wanasema kidogo sana. Ila huyu mama hana nguvu za kuchezea. Tusimpe kitu cha kumchochea."

Kaka akawa analeta samaki kila asubuhi, wanene, migongo inang'aa. Wifi akasema atapika yeye. Ana blenda, ana moto muda wote, ana banda lake la kukaangia viazi pale pembeni mwa barabara. "Bubu mkimwachia ataunguza hata maji," alisema, watu wakacheka. Bubu ndiye mimi. Jina hilo alinipa siku chache baada ya kuolewa, kwa kuwa siongei sana. Kazi yangu ikawa kubeba jagi la kijani kulipeleka wodini, kumkabidhi sista, na kurudi kuliosha.

Kuosha ndiko kulikonifumbua macho. Jagi lililokaa samaki unalijua, unaliosha na harufu inabaki mikononi. Hili halikunuka samaki. Lilinata. Lilikuwa na utando wa kahawia ndani yake, sabuni inapita juu yake bila kushika, na harufu yake niliijua kuliko ya nguo zangu mwenyewe. Ni yale mafuta ya chini ya karai, yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi, ambayo wifi huyachuja kwa kitambaa na kuyarudisha jikoni. Nikachovya kidole, nikaonja. Viazi, chumvi, mafuta ya karai. Samaki hakuna.

Nikaenda bandani mchana ule ule. Samaki wa mama walikuwa wanageuzwa kwenye karai, wateja wamesimama na sahani.

"Wifi, hao si wa mama?"

"Mama anakula kwa pua," akasema, hata kugeuka hakugeuka. "Pua inajua samaki? Mafuta ni mafuta. Si anashiba? Kaa hapo umenye viazi, Bubu."

Jioni nikamwambia kaka. Kaka akamtazama mkewe, akanitazama mimi. "Umeishia darasa la saba," akasema, "leo umekuwa daktari wa jagi?" Wifi akacheka mpaka akajishika mbavu. Nikasema moyoni, basi, kesho asubuhi nitamwambia mama wa lishe mwenyewe. Mama hakuifikia hiyo asubuhi. Figo zilikuwa zimesimama, mapafu yakafuata.

Sisemi mafuta ndiyo yaliyomuua. Mama wa lishe hakusema hivyo, na mimi sisemi nisilolijua. Labda angekufa hata kama angelishwa samaki wote walio majini. Lakini ile labda ilikuwa ya mama. Ilikuwa mali yake, ndiyo pekee aliyobaki nayo pale kitandani. Wifi akaichukua, akaikaanga, akawauzia wapita njia.

Msibani alilia kutushinda sisi watoto wa kuzaliwa. Walimshika wanawake wawili, huyu kulia, huyu kushoto. Nilimpelekea maji, nikasimama namtazama anavyoyanywa, mpaka glasi ikabaki tupu. Nikaipokea.

Nikarudi bandani kumenya viazi. Watu wakasema binti yule ana moyo. Ndiyo, ninao. Nilikuwa namenya na kutazama. Nilijua anavyosogeza nywele kwa kiwiko, anavyojibu wateja wasumbufu, anavyokwepa kupita mbele ya picha ya mama pale sebuleni. Kisasi changu sikujua kitafika kwa mlango gani. Nilijua tu kwamba nitakuwepo kukifungulia.

Sasa hayo ya karai. Mafuta yakirudiwa sana huanza kutoa povu. Siku ile povu lilikuwa limesimama kama la sabuni ya kufulia.

"Wifi, povu," nikasema.

"Ndiyo, nimeliona. Au mwenye macho hapa ni wewe peke yako?"

Akamwagia beseni zima la viazi, vinachuruzika maji. Povu likapanda, likavuka ukingo, likamshukia mguuni kuanzia gotini mpaka kwenye kandambili. Hakuna teke, hakuna mwiko. Ni mafuta yake mwenyewe yaliyomfuata.

Hospitali hakutaka, alisema nani atakaa bandani. Akapaka dawa ya meno, akafunga mguu kwa kile kitambaa chake cha kuchujia mafuta. Mguu ukavimba, ukanuka, ukatoa maji ya rangi. Halafu akaanza kutetemeka huku mwili unawaka, na mtetemeko ule mimi na kaka tulikuwa tumeshauona.

Wodi ile ile. Mpira ule ule wa puani. Mama wa lishe yule yule, kwenye benchi lile lile, ila safari hii niliyekaa naye benchini alikuwa kaka. Alipofika kwenye mafuta yaliyorudiwarudiwa, hata tone, kaka akainamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake. Mama wa lishe alipoondoka, kaka hakuniita daktari wa jagi.

"Mdogo wangu," akasema. "Utampikia?"

"Nitapika, kaka."

Jikoni niliweka samaki upande huu, na ndoo ya mafuta meusi kutoka bandani upande ule. Nilichota kijiko cha yale mafuta nikakishika juu ya blenda. Nikawaza: nikiyamimina yatashuka kwenye mpira na wifi hatajua. Atalala chali, atashiba kama mama alivyoshiba. Akifa, amekufa bila kujua. Akipona, amepona bila kujua. Hicho kitakuwa kisasi cha nani? Nikakirudisha kijiko kwenye ndoo. Nikamchemsha samaki, nikamtoa miba yote, nikamsaga na mafuta yake bila kuengua hata tone. Nikaonja. Alikuwa samaki kweli, mtamu.

Nikalijaza lile jagi la kijani.

Wifi alikuwa macho. Midomo imepasuka, sauti inakwaruza kwa sababu ya ule mpira. Sista alinionyesha jinsi ya kumimina kidogo kidogo kwenye bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, akanisimamia, kisha akaenda kwa mgonjwa wa jirani. Wifi akaliona jagi.

"Nani amepika?"

"Mimi."

"Umepika nini, Bubu?"

Nikamwinamia sikioni, nikamwekea mkono begani kama mtu anayetoa pole. "Nimekupikia kama ulivyompikia mama."

Macho yake yalikwenda kwenye jagi, yakaja kwangu, yakarudi kwenye jagi. Nikamimina.

Tangu hapo kila nikiingia na lile jagi anajikunyata. Mara moja alijaribu kuuvuta mpira, sista akamkemea: "Wewe dada, wenzako hapa hawana hata wa kuwaletea maji! Una bahati kuwa na wifi kama huyu." Nikasema, "Msamehe sista, ni homa." Mama Redio alipokuja kumwona, wifi alimshika mkono akamnong'oneza, "Bubu ananiua." Hapo ndipo lile teke lilipozaliwa. Mama Redio alitoka wodini na neno moja, akafika nyumbani na hadithi nzima.

Na kaka? Kaka ananiona nikisaga, ananiona nikionja jikoni. Mkewe akimlalamikia anamwambia tulia, mama watoto, mbona unapata nafuu. Na kweli anapata. Homa imeshuka, mguu umeanza kukauka pembeni. Mama wa lishe alinisifu mbele yake kabisa: "Chochote unachompikia, endelea hivyo hivyo." Wifi alifumba macho, chozi likapita kando ya mpira.

Leo mchana nilikuta wamemkalisha, mito nyuma ya mgongo. Hakujikunyata. Alingoja mpaka nikaweka jagi juu ya kabati.

"Wifi yangu," akasema. Hakusema Bubu. "Nilimkosea mama. Samaki wake niliwauza, na mafuta nilimpa yale. Nilijua, wala sitasema sikujua. Nisikilize. Sikwambii uache kunilisha. Onja tu. Kijiko kimoja, hapa mbele yangu, nione umemeza. Usiku silali, wifi. Nasikia tumbo linawaka kila ukiondoka. Onja, mdogo wangu, nakuomba."

Kijiko kilikuwa pale pale, karibu na glasi. Chakula kilikuwa bado cha uvuguvugu, na mimi nilikuwa sijala tangu asubuhi.

Nikaunganisha bomba kwenye mpira, nikaliinua juu kama sista alivyonifundisha, nikamimina. Tukawa tunakitazama wote wawili, kinavyoshuka.

"Onja, wifi," akasema tena.

Nikaongeza.