Fundo la Lubumbashi

Wazo lilikuwa la Kabula mwenyewe, na hakuwahi kulikana. Alimpelekea mumewe chakula kwenye maegesho ya malori ya Chapwa, mjini Tunduma, akamkuta Zebedayo juu ya shehena, miguu ameitanua, anakaza kamba za turubai huku mabega yakicheza ndani ya singlendi. Wali ukapoa mikononi mwake. Usiku ule mezani alimwambia kwamba angependa siku moja na yeye afungwe hivyo, kimapenzi. Zebedayo alipaliwa na maharage, akanywa maji, kisha akauliza lini.

Ikawa Jumapili mchana, baada ya ibada. Walikubaliana kwanza, kama watu wazima. Kamba isiguse shingo, na yeyote akisema "Nakonde", kila kitu kinasimama. Neno alilichagua Zebedayo. Ukifika Nakonde, upande wa Zambia, alisema, umeshavuka mpaka.

Hapo walifikiri vizuri. Fundo ndilo hawakulifikiria. Zebedayo alikuwa na fundo lake lililompa sifa mjini, lililoitwa la Lubumbashi kwa sababu ukilifunga Tunduma halilegei mpaka Lubumbashi, Kongo, na huko wanalikata. Kabula naye alikulia Kamsamba kwenye ng'ombe wa baba yake, ambako kamba ya mnyama hufungwa ili ifunguke kwa mvuto mmoja, maana ndama akianguka vibaya hakuna muda wa kubembelezana na kamba. Aliona mapema kwamba mumewe anafunga vingine. Akamwacha aendelee. Alikuwa anatazama mabega.

Mwanzoni ilikuwa raha. Kabula alivuta kidogo mikono iliyofungwa, kwa madeko, na kamba ya manila ikajibu kwa kujikaza. Baadaye vidole vya mkono wa kulia vikaanza kutembewa na sisimizi, kisha sisimizi wakaondoka na vidole vyenyewe. Kabula alikuwa fundi cherehani. Gauni la bibi harusi lilikuwa linamsubiri sebuleni, na vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa vimebaki na kazi ya kulimaliza.

"Nakonde," alisema.

Zebedayo alisimama kama lori lililoona kizuizi. "Nakonde ya kweli?"

"Kuna Nakonde ya uongo?"

Akalivamia fundo kwa kucha, akaja kwa meno. Fundo likatulia. Akaeleza, jasho likimtoka, kwamba kadiri unavyolivuta ndivyo linavyojikaza, na kwamba ndio uzuri wake. Kabula akamwonyesha vidole kwa kidevu. Zebedayo akaomba radhi.

Kisu cha nyumba kilikuwa kwa jirani yao Fides, mwalimu wa kwaya, aliyekiazima tangu Ijumaa. Zebedayo akakimbilia mlangoni.

"Usiniache peke yangu nimefungwa," Kabula akasema. "Hata lori huliachi bila mlinzi."

Kwa hiyo aliita kupitia dirishani, mwili mzima ukiwa chumbani na kichwa tu kikiwa nje, pazia amelibana shingoni kama shuka la kinyozi. Kutoka kitandani Kabula alisikia ndara za Fides zikija taratibu, za mtu mwenye Jumapili yake yote. Fides akauliza kisu ni cha nini. Zebedayo akasema wanachinja kuku.

"Mbona simsikii?"

"Ni mpole, dada."

Fides akampongeza kwa kupata kuku wa namna hiyo, akatoa kisu, akasema atapita baadaye kuchukua miguu na kichwa.

Zebedayo alipitisha kidole chake kati ya kamba na ngozi, akakata kuelekea nje, polepole, kama mtu anayefungua mzigo wa mayai. Kisha akakaa sakafuni akiusugua mkono ule. Kidole kimoja kimoja kilirudi nyumbani. Cha mwisho kilipoweza kushika sindano, aliushikilia mkono kwenye shavu lake na kusema kwamba kuanzia leo atafunga malori tu.

"Mimi sijasema nimeacha," Kabula akasema. "Nimesema wewe hujui kufunga kitu chenye damu. Lete mikono."

Aliweka kisu juu ya stuli, karibu. Badala ya manila akachukua kitenge laini, akakikunja kwa upana, akaacha nafasi ya vidole viwili, ncha ya fundo akaining'iniza upande wake. Kila mara alimwuliza kama vidole vina joto. Zebedayo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa upande wa mzigo, alijibu kwa adabu kwamba vina joto, na kwamba asiache.

Ndara zikasikika nje. Zikasimama chini ya dirisha.

"Jirani, yule mpole ameshaiva?"

Zebedayo akafumba macho. "Nakonde," akanong'ona.

Kabula akavuta ncha mara moja tu. Kitenge kikaanguka chote, na mumewe akatoka kwa mlango wa nyuma, singlendi imegeuzwa, kwenda kutafuta kuku wa kununua.